Vilango vya seli na lawama tulizowatupia akina mama

Nianze na usiku mmoja wa leba, miaka kumi na kitu iliyopita, nikiwa bado mbichi kazini, hospitali siitaji. Alikuja binti wa miaka ishirini hivi, mimba ya kwanza, wiki 41, katoka kwao na kanga mbili na beseni, shangazi yake kakaa nje kwenye benchi. Uchungu ulikuwa unakuja unapotea. Ukimwekea mkono tumboni unasikia huku juu panakaza kidogo, alafu panalegea, alafu upande mmoja unakaza peke yake mwingine umetulia tuli kama haujaambiwa chochote, alafu kimya. Saa nne usiku mlango wa kizazi umefunguka sentimita 3, saa nane sentimita 3, alfajiri tukaandika tatu na nusu ili tu tumpe moyo. Dripu ya oksitosini, ile homoni ya kuongeza uchungu, iliwekwa, ikaongezwa matone, tumbo likawa linajibu kwa kusuasua vile vile.

Na sisi tukafanya kile ambacho mwanamke yeyote aliyewahi kupita leba anakijua, tukaanza kumsema. We dada huna bidii. Amka utembee. Wenzio wanazaa wewe umelala tu. Mi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia mtoto akichoka humo ndani itakuwa ni yeye kamchosha. Asubuhi akaingizwa thieta, mtoto salama, mama salama, na yule shangazi wakati ananishukuru akasema "ahsante nesi, huyu tangu mdogo ni mvivu", nami nikaitikia. Sikuwa na sababu ya kubisha, ndo nilivyokuwa naamini.

Miaka ikapita nikarudi shule kuongeza digrii. Siku moja mwalimu wa fiziolojia akachora ubaoni duara mbili zinazogusana, katikati akaweka vistari vidogo vidogo, akasema kama anasoma tangazo la kawaida kwamba misuli ya mji wa mimba kwa sehemu kubwa ya ujauzito karibu haina hivi vistari, vinajengwa mama anapokaribia kujifungua, na visipojengwa vya kutosha uchungu unabaki vipande vipande. Nilishika kalamu nikashindwa kuandika. Nilimwona yule binti pale ubaoni kabisa, na ile beseni yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma habari za hivi vistari kila nikipata nafasi, zamu ya usiku ikitulia, kwenye simu, mpaka macho yanauma. Leo nataka niziandike zote sehemu moja.

Tuanze mwanzo. Sekondari tulifundishwa seli zinaongea kwa njia mbili, homoni na neva. Homoni inamwagwa kwenye damu inazunguka mwili mzima mpaka imkute mwenye kipokezi chake, ni kama tangazo la msiba kwenye spika ya msikiti, mtaa mzima unasikia lakini anayehusika ndo anavaa kanzu anatoka. Neva inapeleka ujumbe mbali kwa haraka, ikifika mwisho inamwaga kemikali kwenye nafasi ndogo na mwenzie anaipokea. Sawa. Ila ipo njia nyingine ambayo mi sikumbuki kuisikia darasani, njia ya jirani kwa jirani, ukuta kwa ukuta. Waliofika Lamu wanaijua wikio, ile sehemu ya nyumba inayovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, akina mama wanapita huku na huku, bakuli la mchuzi linapita, habari inapita, na hamna mtu aliyeshuka njiani akaonekana. Seli nazo zimejengeana hivyo hivyo. Wataalamu wanaita gepu jankisheni, mi hapa nitaita vilango, maana ndo kazi yake.

Kichochoro chenyewe kati ya seli mbili pale penye vilango kina upana wa nanomita 2 hadi 4 tu, na unywele mmoja wa kichwani unafika nanomita 80,000 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Kilango kimoja kinajengwa nusu kwa nusu. Seli ya huku inatoa protini sita zinazoitwa koneksini, zinasimama duara zimegusana mabega na katikati zinaacha tundu, seli ya pili nayo inatoa sita zake, nusu mbili zinakutana katikati ya kichochoro zinashikana, tayari njia imepatikana kutoka tumbo la seli hii mpaka tumbo la seli ile. Protini kumi na mbili kwa kilango kimoja, na vilango havikai kimoja kimoja, vinakusanyika mamia mpaka maelfu sehemu moja. Kinachopita ni vitu vidogo tu, mpaka uzito wa daltoni 1,000 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), kwa hiyo potasiamu inapita, kalsiamu inapita, glukosi inapita, ATP ile nishati ya seli inapita, vile vijumbe vidogo vya ndani ya seli kama IP3 na cAMP navyo vinapita. Protini nzima haipiti, DNA haipiti. Yaani chumvi unaazimwa lakini sufuria inabaki kwa mwenyewe.

Binadamu tuna jeni kama 21 za koneksini, na majina yake mengi ni ya uzito tu. Koneksini 43 ina kilodaltoni kama 43, yaani daltoni elfu 43, koneksini 26 ina 26, koneksini 32 hivyo hivyo. Hizo tatu zikae kichwani maana ndo nitazitaja sana.

Na hiki ndo kilichonishangaza kuliko vyote: koneksini 43 inaishi saa chache tu. Protini nyingi mwilini zinakaa siku nyingi, hii unaijenga asubuhi na jioni nusu yake imeshabomolewa na nyingine imeshawekwa. Vilango vinavyoshikilia moyo wako sasa hivi unaposoma, vya jana saa hizi vingi vyake havipo tena. Mwili unavijenga bila kupumzika kama fundi anayepaka chokaa nyumba ya baharini, na faida yake ni kwamba ukitaka kuongeza au kupunguza mawasiliano sehemu fulani huhitaji wiki, saa zinatosha.

Historia yake nitaipitia haraka. 1959 Edwin Furshpan na David Potter walichapisha kazi yao ya London kwenye neva za kamba wa maji baridi, wakaonyesha umeme unavuka moja kwa moja toka neva moja kwenda nyingine bila kemikali katikati, kipindi ambacho somo zima lilikuwa limeegemea kemikali. 1967 Revel na Karnovsky wakaangalia moyo na ini la panya kwa darubini ya elektroni, wametia rangi ya lanthanamu, na pale seli zinapogusana wakaona umbo kama sega la nyuki, pembe sita pembe sita. Jeni zenyewe zikaanza kupatikana miaka ya 1980, ya koneksini 32 mwaka 1986 toka kwenye ini, ya koneksini 43 mwaka 1987 toka kwenye moyo wa panya. Basi. Turudi leba.

1977 Robert Garfield na wenzake walitoa makala kwenye jarida la Science kuhusu panya wenye mimba. Walikata vipande vya misuli ya mji wa mimba siku tofauti tofauti wakaviangalia kwa darubini ya elektroni. Siku za katikati ya mimba, vilango karibu hamna. Anapoanza uchungu, vimejaa. Akishazaa, muda si mrefu vimeshatoweka. Leo tunajua hivyo vilango kwa sehemu kubwa ni koneksini 43, na kwamba projesteroni, ile homoni inayotunza mimba, ndo inayozuia visijengwe mapema, estrojeni inavuta upande wa pili, na hata msuli wenyewe kuvutwa na mtoto anayekua kunasukuma koneksini 43 iongezeke pale projesteroni inapoachia.

Sasa fikiria maana yake. Mji wa mimba una mamilioni ya seli za misuli na kila moja inaweza kukaza. Tofauti na moyo, hakuna sehemu moja maalumu inayojulikana ya kupiga mdundo wote wakafuata. Cheche ya umeme inaanzia popote inarukia kwa jirani, jirani anarukia jirani yake, mpaka mfuko wote umekaza pamoja na kumsukuma mtoto chini. Njia ya kurukia ni vilango. Miezi yote ile vilango vikiwa haba, cheche ikianza inafia pale pale, na hilo ni jambo jema, ndo linalomfanya mtoto akae salama ndani ya msuli mkubwa wenye nguvu bila kutolewa. Ndo maana kuna ile mikazo ya uongo ya mwishoni mwa mimba, tumbo linakaza kidogo sehemu moja mama anashtuka anabeba beseni anakuja, tunampima tunamrudisha nyumbani. Mfuko bado haujaunganishwa wote.

Na oksitosini tunayotundika kwenye dripu inaamsha seli moja moja, inafungulia kalsiamu ndani ya seli ikaze. Lakini seli iliyoamka ikimkuta jirani hana kilango, kelele yake inaishia ukutani. 2006 kuna kazi ilichapishwa kwa panya waliotolewa koneksini 43 kwenye misuli laini, ile isiyoamrishwa kama ya mji wa mimba, na wengi wao walichelewa kuzaa. Walikuwa na homoni zao, walikuwa na misuli yao, kilichopungua ni vilango.

Sisemi kila uchungu unaosuasua ni habari ya koneksini, wakunga wenzangu mnajua. Mtoto anaweza kuwa kakaa vibaya, nyonga ndogo, mlango wa kizazi bado mgumu, mama hajala tangu jana na maji yamemwishia mwilini. Ninachosema ni kwamba katika sababu zote nilizowahi kusoma, uvivu wa mama haumo. Msuli ule hausikilizi nia yake. Huwezi kuuamrisha ukaze kama unavyokunja ngumi, na huwezi kumkemea mtu ajenge protini haraka. Wakati wa kusukuma sawa, pale nguvu zake zinaingia, lakini kuanzia sentimita 3 mpaka 10 mama hana mkono wake pale, na ndo saa hizo hizo tunazomsema zaidi.

Sasa nije kwenye la pili, ambalo limenigusa nyumbani kabisa.

Nina shoga angu, tumekua mtaa mmoja, ni Mhindi wa hapa hapa Pwani, Kiswahili chake kitamu kunishinda mimi. Kaolewa ndani ya jamaa yao wenyewe kama walivyozoea. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alikuwa mtulivu mno na wote tukawa tunamsifia, mtoto hasumbui, analala vizuri. Ana miezi minane siku moja mchana kalala karibu na dirisha, gari la matangazo likapita uchochoroni, yale yenye spika nne juu, vikombe vikatikisika kabatini. Mtoto hakutikisa hata kope. Shoga angu akachukua mfuniko wa sufuria akauachia sakafuni nyuma ya kichwa chake. Akauokota, akauachia tena. Ananihadithia anasema mara ya tatu aliuachia huku analia.

Wa kwanza waliomwona walimwambia asubiri, watoto wa kiume wanachelewa kusema. Akasubiri. Na katika kusubiri huko maneno ya nyumbani yakaanza, mama mkwe akakumbuka kwamba wakati wa mimba alitoka nje usiku mwezi umepatwa, wifi akakumbuka alitumia dawa za kifua, mwingine akasema ni yale maearphone. Kila mtu alikuwa na kumbukumbu na kila kumbukumbu ilimwangukia yeye. Mume wake sikuwahi kusikia ameulizwa hata alikunywa maji gani.

Mtoto ana miaka miwili ukoo ukachanga wakaenda India. Huko wakamchukua damu ya kupima jeni, yeye na mume wake nao wakapimwa. Usiku mmoja simu yangu ikaita, kanitumia picha ya karatasi WhatsApp, mistari mingi, katikati kumeandikwa GJB2, W24X, nakala zote mbili. Akaniuliza "shoga, hii maana yake nini, na ni mimi?"

GJB2 ni jeni ya koneksini 26. Mwaka 1997 David Kelsell na wenzake ndo walionyesha ikiharibika mtoto anazaliwa kiziwi, na tangu hapo imekutwa kuwa moja ya sababu kubwa kabisa za uziwi wa kurithi kwenye jamii nyingi duniani. Kila jamii na kosa lake. Ulaya na nchi za Mediterania ni herufi moja ya DNA imedondoka, pale ambapo G zilitakiwa ziwe sita mfululizo zimekuwa tano, na kuanzia hapo maandishi yote yanasomeka ovyo. Asia Mashariki ni kosa lingine, Wayahudi wa Ashkenazi lingine, na kwa watu wenye asili ya India linalokutwa sana ni hilo W24X.

Nikamwambia chukua tasbihi, ile ya shanga 99. Koneksini 26 ni mnyororo wa shanga 226, hesabu tasbihi mbili nzima na juu yake ongeza shanga 28. Sasa W24X maana yake ni kwamba shanga ya 24 pameandikwa "simama". Mwili unaanza kutunga, moja, mbili, tatu, ukifika ya 24 unakata uzi unaondoka. Nikamsikia kwenye simu anahesabu kwa vidole, taratibu, akafika akanyamaza. Hajafika hata kwenye ile alama ya thelathini na tatu.

Nikamweleza na sikio lenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, imejikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinywele kama 15,000 ndo zinazopokea sauti. Vinywele vimezama kwenye maji yenye potasiamu nyingi sana. Sauti ikija vinywele vinalala upande, vitundu vinafunguka, potasiamu inaingia kwenye seli na hiyo ndo ishara inayopelekwa kwenye neva mpaka kwenye ubongo. Ikishatumika potasiamu inatokea chini ya seli, na pale inatakiwa iondolewe irudishwe kule juu ilikotoka ikatumike tena. Wanaoibeba ni seli za pembeni, zile zinazoshikilia, zinapokezana kama watu waliopanga mstari kupitisha ndoo za maji nyumba ikiungua, na mikono yao ni vilango vya koneksini 26 na koneksini 30. Watafiti waliofuata wakaongeza kwamba si potasiamu peke yake, kupitia vilango hivyo hivyo zinapita IP3 na chakula, na bila hivyo koklea yenyewe haikui ipasavyo toka mtoto yuko tumboni. Cha kushangaza ni kwamba zile seli zenye vinywele zenyewe hazina koneksini 26. Kinachowaangusha ni majirani.

Na swali lake la pili, ni mimi? Nikamwambia soma mstari wa chini. Nakala moja imetoka kwako na moja imetoka kwa baba yake. Nyote mnasikia vizuri kwa sababu kila mmoja ana nakala moja nzima, na moja inatosha. Kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne ya kukutanisha mbili mbovu. Mwezi haukuhusika. Dawa ya kifua haikuhusika. Kosa lilishaandikwa kabla wewe na mume wako hamjazaliwa, pengine kabla babu wa babu yenu hajapanda jahazi. Akaniambia "nisubiri", akaenda kumwamsha mume wake, usiku ule ule, nikawasikia wanahesabu tasbihi wawili.

Huwezi kuzungumzia hili bila kutaja Adamorobe. Ni kijiji Ghana, upande wa milima ya Akwapim si mbali sana na Accra, ambako kwa vizazi na vizazi wamezaliwa viziwi wengi kuliko kawaida mpaka kijiji kikawa na lugha yake ya alama, na wanaosikia nao wanaijua, sokoni, shambani, kila mahali. 1998 watafiti waliandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba viziwi wa kijiji hicho wana kosa moja kwenye koneksini 26, shanga ya 143 imewekwa nyingine. Kabla ya hapo, miaka ya 1970, uongozi wa kijiji ulikuwa umeshakataza viziwi wasioane ili uziwi upungue. Watu walikatazwa kuoana na wapenzi wao! Na sasa ukijua habari ya nakala mbili unaona wazi kwamba lile kosa linabebwa pia na wanaosikia, wengi tu, ambao hakuna aliyewakataza kitu. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu ni lile lile la leba, anayeonekana ndo anayebebeshwa.

Lakini mnisikilize vizuri hapa wasomaji wa Afrika Mashariki, msije mkakimbilia kila mtoto kiziwi mkasema koneksini 26. 2004 ulichapishwa utafiti uliopima watoto viziwi wa Kenya na Sudan, na makosa ya GJB2 yalikutwa kwa wachache sana. Kwetu mara nyingi ni mambo mengine, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, rubela wakati wa mimba, sindano za gentamaisini, na jeni nyingine kabisa. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa kutafuta makosa ya jeni ya Wazungu kikikuambia hamna kitu, hakijakwambia mtoto hana kosa la kurithi, kimekwambia hana lile la kwao. Mimi ningependa sana kuona tunapima watu wetu kwa upana wake.

Mtoto wa shoga angu aliwekewa kifaa cha koklea huko huko India. Kwa uziwi wa koneksini 26 kifaa hiki huwa kinafanya kazi vizuri kwa sababu neva yenyewe ya kusikia ni nzima, kinachofanyika ni kuruka ile sehemu yenye hitilafu na kuipa neva umeme moja kwa moja. Hapa kwetu hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuviweka mwaka 2017. Gharama ni kubwa na betri ni za kila siku, na mafunzo ya kuongea ni ya miaka. Mama yake hakuacha lugha ya alama pia, wamejifunza nyumba nzima, akivua kifaa usiku wanaongea kwa mikono, na mama mkwe ndo hodari kuliko wote. Mwezi uliopita nilienda kwao, yule mtoto alikuwa uani anaokota mifuniko ya sufuria anaigonganisha, na hakuna aliyemkataza.

Mengine niyapitie haraka. Moyo umejaa koneksini 43, hasa vyumba vya chini, imepangwa mwanzo na mwisho wa kila seli ndo maana mdundo unakwenda mbele kwa mpangilio. Sehemu ya moyo ikikosa damu, koneksini zinahama toka kwenye ncha zinasambaa ubavuni, umeme unaanza kuzunguka njia zisizo zake, na hapo ndo mapigo yanaweza kuvurugika mtu akaanguka. Ila pia seli inayokufa inajaa asidi na kalsiamu na hivyo vinafunga vilango, kwa hiyo majirani wanafunga mlango wasivutwe naye. Katika karne ya 19 Mjerumani Engelmann alishaliona hili kwenye moyo bila hata kujua kuna koneksini, kwamba seli za moyo zinaishi pamoja ila zinakufa moja moja.

Kwenye lenzi ya jicho hamna mshipa wa damu hata mmoja, lazima ipitishe mwanga, kwa hiyo seli za katikati zinalishwa kwa kupokezana kupitia koneksini 46 na 50, na zikiharibika mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Neva za miguu na mikono zinatumia koneksini 32 kwa namna ya ajabu, seli moja iliyojiviringisha kwenye neva mara nyingi nyingi inajiwekea vilango yenyewe kwa yenyewe, kati ya mkunjo na mkunjo, ili isizunguke njia ndefu. 1993 ndo iligundulika ikiharibika inaleta aina moja ya ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, miguu inakonda nyayo zinabebwa juu juu, na huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza kufungamanishwa na koneksini. Alafu kuna makosa ambayo kilango hakikosekani, hakifungiki, nusu kilango kinabaki wazi upande wa nje seli inavuja inaugua, ngozi inakuwa nene na macho yanaathirika.

Na wale mnaofunga vidonda vya sukari wodini, hili ni lenu. Kidonda cha kawaida siku moja mbili za mwanzo seli za ukingoni zinapunguza koneksini 43, zinaachiana kidogo ili ziweze kutembea kufunika nyama. Kwenye kisukari imeonekana kinyume chake, inaongezeka pale ukingoni, seli zimeng'ang'aniana hazisogei. Nikibadilisha bandeji ya mguu wa mzee nikaona ule ukingo umesimama vile vile wiki ya tatu, simuulizi tena "mzee unakanyaga kanyaga eeh?" kabla sijauliza sukari yake.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku. Akaletwa dada mmoja, mimba ya kwanza, anatoka mbali kwa bodaboda, chupa bado haijapasuka. Mama yake mzazi alikuwa naye, na saa tano usiku akaniita pembeni, "mwanangu huyu ana uoga, mkemee kidogo." Nikamwambia mama shikamoo, kaa hapa, leta mkono wako. Nikauweka mkono wake juu ya tumbo la mwanawe, wangu pembeni yake. Panakaza huku, kule kimya. Nikamwambia mfuko bado unajiunganisha, usiku huu utaunganika, mpe chai. Akampa. Tukawa tunamtembeza kidogo kidogo mpaka dirishani na kurudi, na kila nusu saa tunarudisha mikono, sisi wawili.

Saa tisa na dakika kumi ikaja moja imeanzia juu kabisa chini ya mbavu ikashuka, pande zote mbili kwa pamoja, tumbo likawa gumu kama ubao toka juu mpaka kinenani. Yule mama akanikodolea macho. Sekunde 45. Nikaandika kwenye patografu, ile chati ya mwendo wa uchungu, mikazo mitatu ndani ya dakika kumi.